Kijana Mmoja Alibofya kwa Niaba ya Mtaa Mzima

Kwa miaka tisa sasa nimekuwa na duka la kuchapa hati katika komuni ya Kamalondo, hapa Lubumbashi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, la aina ile ambayo watu wa mji huu huiita sekretarieti. Mtu huja na karatasi iliyoandikwa kwa mkono, nami huichapa, huipanga vizuri, huitoa kwenye printa na kuitia katika bahasha. Wanafunzi wa Chuo Kikuu huleta kazi zao za kumaliza masomo. Vijana wanaotafuta ajira katika makampuni ya madini ya Likasi na Kolwezi huleta wasifu wao pamoja na kadi ya mpiga kura, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho cha kila siku, nami huipitisha kwenye skana pande zote mbili. Wajane huleta mafaili ya pensheni za marehemu waume zao. Mwenye nyumba na mpangaji huja pamoja, kila mmoja akimtazama mwenzake kwa tahadhari, ili mkataba wao uchapwe mbele ya macho yao wote wawili. Kompyuta yangu kubwa huhifadhi nakala za hayo yote, kwa sababu wateja wengi hurudi baada ya miezi kadhaa wakiomba hati ile ile itolewe tena.

Ikifika saa moja jioni, umeme ukiwa bado upo, kompyuta hiyo hiyo hugeuka kuwa ya michezo. Mpwa wangu ana umri wa miaka 16, na ni mimi mwenyewe niliyemruhusu kucheza dukani baada ya kazi, kwa kuwa naona heri acheze mahali ninapomwona. Asubuhi moja mwaka jana niliwasha mashine ili nichape barua ya mteja, nikaona alama ndogo nisiyoijua kwenye kona ya chini ya skrini, karibu na saa. Hakuna mchezo uliokuwa umefunguliwa. Nilipoichunguza niligundua kwamba ni programu iliyokuwa imeanza kazi pamoja na kompyuta yenyewe, kabla sijaandika hata neno langu la siri. Kijana alipotoka shule nilimuuliza, naye alinijibu bila kuficha kitu: "Mjomba, hiyo ni ya kuzuia wadanganyifu. Bila hiyo mchezo haufunguki. Iliniuliza kama nakubali, nikakubali."

Tangu siku ile neno hilo, "nikakubali", limenikaa kichwani. Alikubali nini, na kwa niaba ya nani?

Programu za kuzuia udanganyifu zilianza kwa sababu njema. Katika michezo ya mtandaoni, hasa ile ya kulenga shabaha, wapo wanaonunua programu za kuwasaidia kushinda: moja huelekeza bunduki yenyewe kwenye kichwa cha mpinzani, nyingine huonyesha watu waliojificha nyuma ya ukuta. Biashara hiyo ni kubwa, na programu hizo huuzwa kwa malipo ya mwezi. Nimeona kwa macho yangu kijana aliyeweka akiba wiki nzima kununua megabaiti za intaneti akiondolewa mchezoni mara kumi mfululizo na mtu ambaye hakuwa amemzidi kwa ustadi wowote. Huo ni wizi wa muda na wa fedha, na watengenezaji wa michezo wana wajibu wa kuuzuia. Sitaki msomaji adhani kwamba ninawatetea wadanganyifu. Ninachouliza ni bei ya ulinzi huo, na ni nani anayeilipa.

Ili swali hilo lieleweke ni lazima nieleze kidogo jinsi kompyuta inavyogawa mamlaka. Kichakato, yaani ubongo wa mashine, huzitenga programu katika ngazi ambazo wahandisi huziita pete. Programu za kawaida, kama ile ninayoandikia barua au ile ya kufungulia tovuti, huishi katika pete ya 3. Huko kila programu ina chumba chake na haiwezi kuingia katika chumba cha jirani bila kuomba ruhusa. Katika pete ya 0 hukaa kiini cha mfumo endeshi pamoja na draiva, zile programu ndogo zinazoongoza printa, kadi ya sauti na vifaa vingine. Aliyeko pete ya 0 haombi ruhusa, kwa sababu yeye ndiye anayeitoa. Anaweza kusoma kumbukumbu yote ya mashine, faili zote za diski, kila herufi inayobonyezwa kwenye kibodi, na hata kujificha asionekane na programu zinazomtafuta.

Wauzaji wa programu za udanganyifu walihamia huko mapema, kwa kuwa mwenye kukaa kwenye kiini anaweza kumpumbaza mlinzi aliye pete ya 3. Walinzi nao wakawafuata. Easy Anti-Cheat, iliyoanzia Finland na sasa ni mali ya Epic Games, BattlEye ya Ujerumani, Ricochet inayolinda Call of Duty tangu mwaka 2021, na ile ambayo kampuni ya EA iliitoa pamoja na FIFA 23 mwaka 2022, zote zina draiva inayofanya kazi kwenye kiini. Naitaja FIFA kwa makusudi. Katika mji wa TP Mazembe mchezo wa mpira ndio unaojaza vyumba vya michezo, kwa hiyo mtu asidhani kwamba jambo hili linawahusu tu wapenzi wa bunduki za kwenye skrini.

Nyingi kati ya hizo huamka mchezo unapofunguliwa na kulala unapofungwa. Vanguard ya kampuni ya Riot Games, iliyotoka mwaka 2020 pamoja na mchezo wa Valorant na kuongezwa katika League of Legends mwaka 2024, ilikwenda mbali zaidi, kwani draiva yake ilitengenezwa ianze kazi mara kompyuta inapowashwa, mchezo uwepo au usiwepo. Sababu yao ina mantiki: mdanganyifu akitangulia kupakia draiva yake, mlinzi anayekuja baadaye atakuta nyumba imeshapangwa upya. Mtumiaji anaweza kuizima, ila akitaka kucheza tena itambidi aiwashe kompyuta upya. Riot walitangaza pia kwamba watamlipa hadi dola 100,000 mtu yeyote atakayewaonyesha udhaifu mkubwa katika programu hiyo, na hilo naliona ni jambo la heshima. Hata hivyo, zawadi kwa anayegundua shimo haiizuii kampuni yenyewe kulitumia, wala haimwambii mjane wa Kamalondo kwamba faili lake la pensheni linalala chumba kimoja na mlinzi ambaye hakumwajiri.

Waliotangulia kulalamika katika nchi nyingine hawakuwa na hofu za bure. Mwaka 2005 mtaalamu wa usalama wa Marekani, Greg Hoglund, aliichunguza Warden, programu ya mlinzi katika mchezo wa World of Warcraft, akaonyesha kwamba ilikuwa ikisoma majina ya madirisha yote yaliyofunguliwa kwenye kompyuta ya mchezaji. Ilikuwa ikiyageuza majina hayo kuwa alama za hesabu na kuzilinganisha na orodha ya programu zilizokatazwa, na hivyo wengi waliona hakuna madhara. Mimi niliposoma habari hiyo nilitazama skrini yangu. Huku kwetu jina la dirisha ni jina la mtu. Kila faili ninalofungua naliita kwa jina la mteja na shughuli yake: fulani, ombi la talaka, fulani, mkopo, fulani, matokeo ya hospitali. Kwa mchezaji wa Marekani jina la dirisha ni jina la programu anayotumia. Kwangu ni siri ambayo mtu amenikabidhi kwa faranga chache, akiamini kwamba nitaichapa kisha nitanyamaza.

Mwaka 2014 ilikuwa zamu ya kampuni ya michezo ya Valve. Wachezaji waligundua kwamba mlinzi wao, anayeitwa VAC, alikuwa akikagua orodha ya anwani za mtandao ambazo kompyuta ilizitembelea. Mkuu wa kampuni, Gabe Newell, alijibu hadharani, akaeleza kwamba walikuwa wakitafuta anwani za seva, yaani kompyuta kuu za mtandaoni, ambako programu za udanganyifu huthibitisha malipo ya wateja wao, kwamba ukaguzi huo ulifanyika tu pale ambapo dalili nyingine zilikuwa zimeshaonekana, na kwamba wadanganyifu 570 walikuwa wakifungiwa kutokana nao. Naamini alisema kweli. Nakumbuka jibu hilo kwa sababu lilitolewa baada ya watu kuuliza, na hawakuuliza mpaka mmoja wao alipofungua programu na kutazama ndani.

Habari inayonitia wasiwasi zaidi ni ya mwaka 2013. ESEA, jukwaa la mashindano lililowataka wachezaji waweke programu yake ya kuzuia udanganyifu, liligunduliwa likitumia kompyuta za wanachama wake kuchimba bitcoin, yaani kuzalisha sarafu ya kidijitali kwa nguvu ya kompyuta, bila wao kujua. Kadi za picha, vile vifaa vya ndani ya kompyuta vinavyochora picha za skrini, zilifanya kazi saa zote wenyewe wakiwa wamelala. Mamlaka za jimbo la New Jersey zilisema kwamba kompyuta zipatazo 14,000 zilihusika, na kesi ikamalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 1. Fedha zilizochimbwa zilikuwa kidogo sana, takriban dola 3,700. Linalonigusa ni njia waliyopitia: hawakuhitaji kuvunja mlango wowote, kwa kuwa wachezaji walikuwa wameshawafungulia kwa hiari ili wadanganyifu wazuiwe. Katika mji ambao umeme hununuliwa kwa kubana matumizi na kukatika bila kuaga, mashine inayofanya kazi usiku kwa ajili ya mtu mwingine ni hasara inayoingia moja kwa moja kwenye chungu cha familia.

Kuna hatari nyingine isiyohitaji nia mbaya ya kampuni yoyote. Mwaka 2016 Capcom walitoa sasisho la mchezo wa Street Fighter V lenye draiva ya kuzuia udanganyifu, ikaonekana kwamba draiva ile iliruhusu programu yoyote ile kupenyeza maagizo yake hadi kwenye kiini. Iliondolewa upesi. Mwaka 2022 ikatokea ya Genshin Impact, na hiyo nataka niieleze kwa utulivu, kwa sababu inatuhusu sisi kuliko inavyowahusu wengine. Wachunguzi wa kampuni ya Trend Micro walieleza jinsi wahalifu walivyochukua draiva ya mchezo huo, iitwayo mhyprot2, wakaipeleka wenyewe kwenye kompyuta za taasisi waliyoivamia, wakaitumia kuvizima vizuia-virusi, kisha wakazifunga faili kwa ajili ya kudai fidia. Kompyuta hizo hazikuhitaji kuwa na mchezo wowote ndani yake. Draiva ilikuwa na saini halali ya kidijitali, na Windows iliipokea kama inavyompokea mgeni mwenye barua ya utambulisho.

Dawa ya jambo kama hilo ni masasisho. Microsoft huweka orodha ya draiva zenye kasoro na kuzikataza, lakini orodha hiyo humfikia mwenye kompyuta pale anapokubali kusasisha. Sasa njoo Lubumbashi. Karibu kila kompyuta ninayoletewa nitengeneze masasisho yake yamezimwa, kwa sababu mwenye nayo alipoyaacha wazi yalimla megabaiti za mwezi mzima ndani ya usiku mmoja. Nyingi zina nakala za Windows zisizo na leseni. Nyingine ni mashine za mtumba zilizofanya kazi ofisini Ulaya au Dubai kabla ya kufika kwetu kwa lori kupitia Kasumbalesa, na haziwezi kupokea Windows 11, ilhali Windows 10 iliacha kuhudumiwa kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Draiva yenye shimo iliyosahaulika kwenye mashine ya namna hiyo itabaki na shimo lake miaka mingi. Mchezaji wa Ulaya anapoambiwa kwamba kasoro imerekebishwa wiki iliyopita, kwake imerekebishwa kweli.

Mashine za mtumba zina tatizo jingine ambalo sijaona likizungumzwa kwa uzito unaostahili. Programu nyingi za kuzuia udanganyifu husoma namba za utambulisho za vifaa, yaani namba ya diski, ya bodi mama na ya kadi ya mtandao, ili mtu aliyefungiwa asirudi kwa kufungua akaunti mpya. Kwa maneno mengine, adhabu huwekwa kwenye chuma badala ya kuwekwa kwa mtu. Utaratibu huo unachukulia kwamba kompyuta moja ina mtu mmoja, na kwamba mtu huyo ataendelea kuwa nayo. Kwetu kompyuta hupita mikononi mwa watu wanne au watano kabla ya kufa. Kijana anaweza kutoa akiba yake yote sokoni, akafika nyumbani akakuta amenunua adhabu ya mtu asiyemjua, wa nchi asiyoijua. Na katika chumba cha michezo, mteja mmoja akidanganya saa nne asubuhi, anayeketi kwenye kiti kile saa kumi alasiri anaweza kukuta mlango umeshafungwa.

Mabishano niliyoyasoma kuhusu faragha na programu hizi yamejengwa juu ya picha ya mtu mmoja mbele ya mashine yake. Mtu huyo anaulizwa kama anakubali, naye anapima: anapenda mchezo kiasi gani, anaiamini kampuni kiasi gani, ana siri gani za kupoteza. Akikubali, wanasema, ni shauri lake. Katika picha hiyo hoja ina haki yake, na mimi nisingekuwa na neno. Lakini kwenye meza yangu aliyebofya ni kijana wa miaka 16, ambaye kwa sheria za nchi yetu bado ni mtoto, aliyesomeshwa masharti marefu kwa Kiingereza, lugha asiyoimudu, na alibofya kwa niaba ya watu ambao sijui idadi yao. Yumo mwanamke aliyeniomba nifunge mlango kabla hajanisomea barua yake. Yumo mzee ambaye hati ya kiwanja chake inagombaniwa na ndugu zake. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuusikia mchezo ule. Idhini yao haikuombwa, na hata kama kampuni ingetaka kuiomba, isingejua kwamba wapo.

Ninaposema haya huwa nakumbuka parseli niliyokulia katika komuni ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, ambapo familia sita zilikaa kuzunguka ua mmoja. Mpangaji mmoja alipotaka kumleta mlinzi wa usiku, wapangaji wote waliitwa uani, kila mmoja akamtazama mlinzi usoni, akauliza ametoka kwa nani na ufunguo atakaa nao wa mlango upi. Mama mmoja alikataa mlinzi asikae upande wa dirisha lake, na wote wakaona ana haki. Lililotokea kwenye kompyuta yangu ni kama mtoto wa mpangaji mmoja kumkabidhi mlinzi funguo za vyumba vyote sita wakati wengine wamelala, kwa sababu mlinzi alimwambia kwamba bila hivyo hatampa mpira achezee.

Nchi yetu haina upungufu wa maandishi juu ya jambo hili. Tangu tarehe 13 Machi 2023 tunayo Sheria ya Kidijitali, iliyotolewa kwa amri yenye nguvu ya sheria namba 23/010, na ndani yake zimo kanuni za kulinda data za watu, zikiwemo ridhaa ya mwenye data na mamlaka ya kusimamia ulinzi huo. Nimeisoma kwa Kifaransa nikiwa na kalamu mkononi, kwa sababu mimi pia, kwa kuhifadhi nakala za kadi za watu, ni mtu anayeshika data za wengine. Hilo lilinibana. Kabla ya kuiuliza kampuni ya ng'ambo inafanya nini na wateja wangu, ilinipasa nijiulize kwa nini kadi za mpiga kura za miaka sita iliyopita zilikuwa bado kwenye diski yangu, za watu walioshapata kazi, waliohama, na wengine walioshafariki. Nilifuta nyingi. Nilizobakiza nina sababu ya kuzibakiza, na mteja akiniuliza ninaweza kumweleza.

Nataka niseme wazi pia kwamba sikupata ushahidi wowote kuwa programu ile ya dukani ilitazama hata hati moja. Nilifuatilia matumizi yake ya mtandao kwa siku kadhaa kwa kadiri ya ujuzi wangu, sikuona jambo la kutisha. Lakini ujuzi wangu unaishia pete ya 3, na aliyeko pete ya 0 huona ninachotazama kabla mimi sijakiona. Hakuna mtu wa kawaida anayeweza kumkagua. Tarehe 19 Julai 2024 dunia nzima ilishuhudia uzito wa mahali hapo, pale sasisho moja lenye kosa la kampuni ya CrowdStrike, ambayo kazi yake ni usalama na wala si michezo, lilipoangusha kompyuta milioni 8.5 za Windows, zikiwemo za viwanja vya ndege na hospitali. Hakukuwa na adui, ni kosa tu, lakini lilitokea kwenye kiini. Baada ya hapo Microsoft walianza kazi ya kuwawezesha watengenezaji wa programu za usalama kufanya shughuli zao nje ya kiini. Ningependa walinzi wa michezo nao waifuate njia hiyo, na waharakishe.

Njia nyingine zipo. Seva ya mchezo inaweza kukataa kuituma nafasi ya mpinzani hadi pale anapokaribia kuonekana, na hapo mwenye kuona nyuma ya kuta hana cha kuona. Valorant yenyewe hufanya hivyo. Valve waliifundisha mashine kutambua namna mdanganyifu anavyosogeza shabaha yake, na kwa miaka mingi waliwapa wachezaji wazoefu kumbukumbu za mechi wazitazame na kutoa hukumu. Hakuna njia kati ya hizo inayohitaji kuingia katika folda ya mjane. Wenye kuzipinga husema hazitoshi, na katika mashindano yenye fedha nyingi huenda wana haki, maana leo wapo wanaodanganya kwa kadi maalumu inayosoma kumbukumbu ya mashine na kuipeleka kwenye kompyuta ya pili, na hata mlinzi wa kiini hutaabika kuwakamata. Lakini mpwa wangu hashindanii fedha. Anacheza na rafiki zake wa darasani. Sioni kwa nini mechi ya jioni ya watoto wa shule idai mamlaka yale yale yanayodaiwa na fainali ya mabingwa. Mwezi Mei 2020 watengenezaji wa Doom Eternal waliongeza mlinzi wa kiini kwa sasisho, wachezaji wakalalamika, na akaondolewa. Kwa hiyo malalamiko husikika, ila nadhani ya kwetu hayajawafikia, labda kwa sababu tunayatoa kwa lugha wasizozisoma na kwa sarafu wasizozihesabu.

Nilitaka kumkataza kijana mchezo ule. Dada yangu alinizuia, akaniambia kwamba mtoto aliyesema ukweli alipoulizwa hapaswi kuondoka na adhabu. Alikuwa na haki. Basi nilinunua diski ya pili iliyotumika kwa dola 25, nikaisafisha ile ya kwanza na kuweka mfumo upya, kwa sababu faili iliyofutwa kwa njia ya kawaida hubaki kwenye diski ikisubiri mwenye kuifufua. Sasa kila diski ina mfumo wake, moja ya kazi na moja ya mchezo, na haziunganishwi kwa wakati mmoja. Kutenga sehemu mbili ndani ya diski moja kusingetosha, kwani aliyeko kwenye kiini huona sehemu zote mbili kama hazikufungwa kwa usimbaji. Ubavu wa kompyuta niliuacha bila kifuniko. Kila jioni kijana huizima mashine, huchomoa waya wa diski ya kazi, huitia diski hiyo katika mfuko wa kitambaa na kunikabidhi mkononi, kisha huchomeka ya kwake. Alifurahi kuliko nilivyotazamia. Sasa anawaeleza wenzake pete ya 0 ni nini, na anaieleza vizuri kuliko nilivyofanya hapa.

Utaratibu huo hauwezekani katika chumba cha michezo kilicho mitaa mitatu kutoka kwangu, chenye kompyuta sita na watoto wanaopokezana viti tangu asubuhi. Nilikwenda kuzungumza na mwenye nacho, mtu ninayemheshimu, tunaitana ndugu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza: "Ndugu, nikiuondoa mchezo huo, hawa watoto watakwenda wapi, na mimi nitalipa kodi kwa fedha gani?" Sikuwa na jibu la kumpa. Nilimuuliza badala yake wateja wake hufanya nini kwenye mashine zile wanaposubiri zamu, akanionyesha. Mmoja alikuwa amefungua barua pepe ya mama yake. Mwingine alikuwa akijaza fomu ya kujiandikisha chuoni, kadi ya dada yake ikiwa imelazwa juu ya kibodi. Kwenye kompyuta ya nne ndimo mwenyewe alimoweka daftari la mapato na namba za simu za watu wanaomtumia fedha.

Daftari tulilihamisha siku ile ile. Kuhusu wateja, aliniomba nimchapie karatasi ya kubandika ukutani, naye akapendekeza tuandike tu kwamba barua pepe na fomu zimekatazwa. Nilimsihi tuweke na sababu, kwa kuwa watu wazima hawapendi kukatazwa bila kuambiwa, na watoto hawapendi zaidi. Tuliichapa kwa Kiswahili na Kifaransa, kwa herufi kubwa: mashine hizi zina programu ya mchezo iliyo na uwezo wa kuona kila kitu kinachofanyika ndani yake, cheza kwa amani, lakini usifungue hapa barua, akaunti ya fedha wala hati ya mtu mwingine, ukiwa na fomu ya kujaza, omba mashine ya sita, ambayo haina mchezo. Hiyo ya sita ilibidi tuitayarishe wenyewe usiku ule, na kwa kuwa inapunguza viti vya kulipia, amekubali kuiacha hivyo kwa miezi mitatu kwanza, halafu tutaketi tena kuhesabu.